Kupima kifua kikuu Lubumbashi ukiwa na baridi yabisi: labo ya mjini, hospitali, na kituo cha mtaani

Nianze na hukumu. Ukiwa na baridi yabisi, lupus (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) au ndugu zao, na daktari amekuambia utafutwe kifua kikuu kabla hajakuongezea dawa, usikimbilie labo ya mjini yenye kiyoyozi. Anzia CSDT, vile vituo vya serikali vya kuchunguza na kutibu kifua kikuu, na uende na ordonansi zako zote, zile karatasi za dawa za daktari, mkononi. Nilikopimwa mimi ni komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, si nchi. Majina siyataji, kwa sababu kuna sehemu nitazisema vibaya na sitaki maneno na watu. Anayetafuta CSDT aulize kituo chochote cha afya cha mtaa wake, wataonyesha njia.

Mimi ni fundi wa kushona, komini ya Katuba. Wateja wangu wanajua: ukiniletea pani zako, yaani vitenge, wiki ya sikukuu, usiniulize mbona nimechelewa. Asubuhi vidole vinakuwa vigumu, mkasi siushiki mpaka jua limepanda. Nakunywa prednisolone miligramu 15 kila siku, methotrexate mara moja kwa wiki, na asidi foliki ya kutuliza ukali wa methotrexate. Haitoshi. Familia ikakaa, ikakubali kuchanga ili niagiziwe sindano za adalimumab kupitia mdogo wangu aliye Johannesburg. Daktari wa magonjwa ya ndani hakukataa, ila aliandika mstari mmoja kwenye karatasi na kuupigia kistari: kwanza kifua kikuu.

Nilimwambia sikohoi. Akasema, mama, hatutafuti kikohozi.

Alivyonielezea, na baadaye nikajisomea, ni hivi. Vimelea vya kifua kikuu vikiingia mwilini huenda visiondoke vyote. Mwili unavizungushia seli na kuvishonea ndani kama kwenye mfuko, na humo vinaweza kulala miaka na miaka bila mwenyewe kujua. Uzi wa mfuko huo, au sehemu kubwa ya uzi, ni protini inayoitwa TNF. Na TNF hiyo hiyo ndiyo inayochoma viungo vyetu. Adalimumab na infliximab zinaikamata TNF: vidole vinapata nafuu, mshono unaachia. Mwaka 2001 yalitoka maelezo ya wagonjwa 70 walioripotiwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, walioota kifua kikuu baada ya kuanza infliximab. Nusu yao waliugua ndani ya wiki 12 hivi. Na zaidi ya nusu, ugonjwa haukuwa kwenye mapafu peke yake: ulikuwa kwenye tezi, kwenye tumbo, kwenye utando wa ubongo, wengine umetapakaa mwili mzima. Ndiyo maana swali la kikohozi halitoshi kwetu.

Tena huku kwetu si nchi ya kusema "mimi sijawahi kukutana na mgonjwa". Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba robo ya watu wote duniani wanabeba vimelea hivyo, na Kongo imo kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa. Kwa kawaida, kati ya wanaovibeba, asilimia 5 hadi 10 ndio watakaougua siku moja. Sisi wa dawa za kushusha kinga hatumo kwenye "kawaida" hiyo. Hata bila sindano yoyote: uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2006 ulikuta wanaotumia dawa za jamii ya prednisolone wana hatari ya kifua kikuu karibu mara tano ya wasiotumia, na kuanzia miligramu 15 kwa siku hatari inazidi mara saba. Miligramu 15 ndiyo yangu. Farmasi inaniuzia kila mwezi kama inavyouza paracetamol, na hakuna siku mtu wa kaunta ameniuliza chochote.

Sasa huduma zenyewe.

Labo ya mjini. Mapokezi mazuri, hilo siwanyimi. Viti vya ngozi, maji ya kunywa, msichana wa mapokezi anakuita mama kwa sauti ya chini. Wanatoa damu kwenye vichupa vidogo, damu inapelekwa kupimwa, unarudi baadaye kuchukua jibu. Bei yake ni kodi ya mwezi ya kibanda changu cha kushonea, na unalipa kabla sindano haijakugusa. Kipimo chenyewe ni kizuri: wanaweka damu yako pamoja na protini za kimelea, waone kama seli zako zinazikumbuka na kutoa kemikali ya kupigana. Chanjo ya BCG ya utotoni haikichanganyi, na sisi wote tuna kovu lake mkononi. Kwa hiyo nilikuwa na matumaini.

Jibu likasema: haliwezi kusomeka. Si chanya, si hasi. Nikauliza maana yake. Msichana akasema inamaanisha urudie, na bei ni ile ile.

Ilibidi daktari wangu aniambie ambacho labo ilipaswa kuniambia kabla ya kupokea pesa. Katika vile vichupa kimoja ni cha kujipima wenyewe: kinawekwa kitu cha kuamsha seli za mtu yeyote, awe na kimelea au hana. Seli zangu hazikuamka hata humo. Prednisolone imezilaza. Jibu la namna hiyo linajulikana kabisa kwa watu wa dawa zetu, na ukirudia kesho na dozi ile ile unaweza kulipia usingizi ule ule. Labo iliyopokea karatasi yenye neno prednisolone ingeweza kusema hayo mlangoni. Hakuna aliyeisoma karatasi. Nota yangu kwao: viti vizuri.

Hospitali ninaipitia haraka. Ilikuwa kipimo cha ngozi, kile cha kuchoma tuberkulini juujuu kwenye mkono na kurudi kati ya saa 48 na 72 kupimwa uvimbe. Muuguzi alikuwa mtu wa kazi: hakupima wekundu, alipapasa uvimbe mgumu, akaweka alama ya kalamu pande mbili, akashusha rula. Milimita 7. Akaandika hasi, kwa sababu chini ya 10 ni hasi, akaita mwingine. Bei ndogo, foleni ndefu, hakuna pa kukaa ila kuegemea ukuta. Nilitoka nimefurahi.

Ni kituo cha Kenya kilichoikata furaha hiyo, na ndiyo sababu ya kukisifu.

Kituo chenyewe ukikiona hutakitegemea. Nyumba ya tofali, chumba kimoja cha dawa, chumba kimoja cha madaftari, benchi nje chini ya paa la bati. Julai baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kwa mwenye viungo kama vyangu benchi lile ni adhabu. Vaa soksi, jifunge kitenge juu ya koti. Lakini benchi kuwa nje ni makusudi. Kifua kikuu kinasafiri kwa hewa, kwa hiyo hewa inayopita ndiyo ulinzi wa kwanza, na ninapendelea kutetemeka kwa baridi kuliko kufungiwa chumbani na watu wanaokohoa, hasa mtu ambaye kinga yake imepunguzwa kwa makusudi. Barakoa wanagawa kwa wanaokohoa. Kwa sisi wengine, beba yako.

Muuguzi mkuu ni mama wa makamo, hana haraka. Kabla hajaniuliza kikohozi aliniuliza: "Mama, dawa gani ingine uko unakunywa? Leta makaratasi yote, hata ya zamani." Nikamtolea mfuko mzima. Akayapanga mezani, la hospitali upande huu, ordonansi upande huu, akatazama moja, akatazama lingine. Halafu akasema, "Nani aliandika hii saba ni hasi?" Nikanyamaza. Akasema kwa mtu wa kawaida hapa watahesabu 10, lakini kwa wenye virusi vya ukimwi wanahesabu 5, kwa sababu ngozi yao haina nguvu ya kuvimba. Na mwenye prednisolone 15 kwa zaidi ya mwezi, tena anayengoja sindano ya kukamata TNF, naye anahesabiwa 5. "Saba yako ni chanya, mama. Sasa tuone kama kinalala au kimeamka."

Niliishi na miligramu hizo zote na waganga hao wote, na aliyekuwa wa kwanza kuweka karatasi ya viungo na karatasi ya kifua kwenye meza moja ni muuguzi wa kituo kisicho na dari. Labo haikukosa mashine. Hospitali haikukosa mikono. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma karatasi ya jirani yake.

Kuona kama kimeamka ni makohozi na radio ya kifua, yaani picha ya eksirei. Makohozi unatolea uani, mbali na benchi, kikombe chenye mfuniko. "Ile ya mate hapana. Vuta pumzi, kohoa ya ndani, ya ku kifua." Asiyekohoa kama mimi anataabika kidogo, wakaniambia nilete ya alfajiri, kabla ya kupiga mswaki wala kunywa chai. Inaingia kwenye mashine ya GeneXpert, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwisho wa mwaka 2010. Inatafuta chembe za urithi za kimelea, na kwa saa mbili hivi inasema kama yupo na kama anaikataa rifampicin, dawa kubwa ya ugonjwa huu. Saa mbili ni za mashine. Za binadamu ni nyingine: kuna zamu, kuna umeme kukatika, kuna siku katriji za kupimia za mashine hiyo zimekwisha. Mimi jibu nililipata kesho yake na ninaona si vibaya. Hasi. Radio ilibidi nikaipigishe kwingine kwa pesa yangu; mapafu safi. Kwa hiyo kinalala.

Kwenye benchi lile nilikaa na dada mmoja mwenye lupus, na ninamtaja kwa ruhusa yake bila jina, kwa sababu habari yake inafundisha kuliko yangu. Alipata homa za jioni, akakonda, akaanza kukosa pumzi. Kila alipokwenda waliona lupus imeamka, na kwa kweli lupus hufanya hivyo hivyo: homa, kukonda, maji kwenye utando wa mapafu. Prednisolone ikapandishwa, ikapandishwa tena. Homa ikatulia wiki mbili, ikarudi. Mpaka mtu mmoja alipochomoa yale maji na kuyapima, akakuta kifua kikuu. Akaanza dawa nne za miezi miwili ya kwanza, mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, akaambiwa usiogope, ni rifampicin. Kisha viungo vikavimba upya. Hakuna aliyemwambia kwamba rifampicin inalifanya ini lisafishe prednisolone haraka kuliko kawaida, kwa hiyo kidonge kile kile kinakuwa kama nusu. Kwenye kituo hiki ndipo walipomrudisha kwa daktari wake na barua, dozi ikarekebishwa. Rifampicin inazidhoofisha hata vidonge vya uzazi wa mpango, akina dada msikie. Na mwenye goti moja tu lililovimba kwa miezi bila kupona, au mgongo unaouma sehemu moja usiku, asikubali kuambiwa "ni baridi yabisi yako" mpaka mtu ametafuta kifua kikuu humo ndani ya kiungo. Kinakaa na huko.

Sasa malalamiko yangu kwa kituo, maana si malaika. Matibabu ya ugonjwa wenyewe ni bure, hilo ni la mpango wa taifa na wanalishika. Fishi ya kuandikishwa tu nililipa. Lakini dawa ya kuzuia, ya mtu ambaye kimelea chake kinalala, hapo tulisumbuana. Daftari lao lina safu ya watoto wadogo wa nyumba yenye mgonjwa, lina safu ya wenye virusi vya ukimwi. Safu yangu hakuna. Muuguzi aligeuza kurasa mbele na nyuma kama anayetafuta kifungo kilichoanguka. Hesabu ya vidonge vyao inafuata safu hizo, na mtu asiye na safu ni lazima aombewe kwa barua. Barua ikaenda, ikasubiriwa, nikarudi na kurudi. Kwa mwenye magoti yangu kila kupanda busi kuna gharama yake.

Kinachoniudhi ni kwamba mwongozo upo. Daktari wangu alinionyesha: Shirika la Afya Duniani linasema wanaoanza dawa za kukamata TNF wapimwe na kutibiwa hata kama hawaumwi. Na kwenye sentensi hiyo hiyo, wametajwa na wenye silikosisi, mapafu yaliyojaa vumbi la mawe. Someni hapo, watu wa Katanga. Ni familia gani hapa haina mtu aliyechimba, awe wa kampuni zamani au wa kuchimba kwa mikono leo? Vumbi lile linafungulia kifua kikuu mlango. Tena linaongeza hata baridi yabisi yenyewe: tangu mwaka 1953 daktari wa Wales aliyeitwa Caplan aliandika juu ya wachimba makaa wenye viungo vilivyovimba na mapafu yenye vinundu. Mji kama huu ungepaswa kuwa na safu ya watu wa namna yetu kwenye kila daftari.

Mwishowe nilipewa isoniazid, kidonge kimoja kila siku kwa miezi sita, na vitamini B6 pembeni. Kuna njia nyingine fupi, ya isoniazid na rifapentine mara moja kwa wiki kwa wiki 12, ila daktari aliona jamaa wa rifampicin atanichezea prednisolone, akachagua ndefu. B6 msiidharau. Isoniazid peke yake inaweza kuitia miguu ganzi, na mimi mashine yangu ni ya kukanyaga. Jambo kubwa ni ini: isoniazid inaliuma, methotrexate nayo inaliuma, kwa hiyo kabla ya kuanza nilipimwa damu ya ini na ninaendelea kupimwa. Bia ya Simba nimeiacha, na kwenye harusi nakunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, usiokaa sana. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, sikuwahi, msinitazame. Ukiona macho ya njano, mkojo kama chai nzito, au chakula kinakuchukiza ghafla, acha kidonge na uende siku hiyo hiyo. Muuguzi aliniandikia hayo kwa kalamu nyekundu nyuma ya kadi, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha kwenye boksi. Wenye lupus waulize zaidi, kwa sababu isoniazid yenyewe kwa watu wachache huleta ugonjwa unaofanana na lupus, unaoondoka dawa ikiachwa.

Sindano bado. Sharti ni nimalize angalau mwezi mmoja wa isoniazid kwanza, na daktari sasa anataka tubadilishe: badala ya adalimumab tuagize etanercept, ambayo nayo inakamata TNF lakini imeonekana kuamsha kifua kikuu kwa watu wachache zaidi. Shida iliyobaki ni friji. Sindano hizo zinataka nyuzi 2 hadi 8, na mtaani kwetu umeme ukikatika Ijumaa unaweza kuuona Jumapili. Tunazungumza na farmasi moja yenye jenereta wanitunzie kwa malipo.

Kwa anayekwenda kituoni: fika kabla ya saa mbili asubuhi, katriji za siku zinaisha mapema. Beba ordonansi, jibu lolote la zamani, picha ya radio yenyewe na si karatasi tu, koti, barakoa, na kitu cha kukalia. Pesa ya radio iweke pembeni. Wasipokuuliza dawa zako, zitaje mwenyewe kabla hujakaa. Na kipimo cha ngozi ukishafanyiwa, omba waandike milimita ngapi, si neno hasi peke yake.